Kabla ya kusifu chuma cha goti, tuulize habari za kano

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoitoa katika toleo lililopita kuhusu magoti bandia, ambamo mwandishi wenu alieleza kwamba goti lililochakaa hubadilishwa siku hizi kwa chuma na plastiki, sawa na fundi anavyobadilisha beringi ya gari. Mimi ni fundi. Kwa miaka 31 nilisimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma katika karakana ya migodi hapa Lubumbashi, na beringi nilizozitoa na kuzirudisha siwezi kuzihesabu. Ndiyo maana mfano ule ulinifurahisha kwa dakika moja, kisha ukanikera kwa siku mbili.

Beringi hukaa ndani ya nyumba yake ya chuma. Ukiitoa iliyochakaa, nyumba inabaki pale pale, nawe unagonga mpya na kazi imekwisha. Goti halina nyumba. Mfupa wa paja umeukalia mfupa wa muundi kama chungu cha mviringo kilichowekwa juu ya sahani, na kinachokizuia chungu kisidondoke ni kamba, yaani kano nne zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Mbili nyingine ziko katikati kabisa ya goti na zinapishana kama msalaba: ile ya mbele huuzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na ile ya nyuma huuzuia usirudi nyuma. Anayekuja kubadilisha “beringi” ya namna hii analazimika kupitisha msumeno katikati ya kamba zote hizo huku mashine yenyewe ikiwa imening’inia kwazo, na akimaliza anategemea kamba zile zile zishikilie kazi yake mpya.

Niseme mapema, kwa kuwa hata majirani zangu hapa Katuba walichanganya, kwamba sizungumzii mguu wa bandia anaovishwa mtu aliyekatwa mguu, kama ile inayotengenezwa Goma na Bukavu kwa ajili ya waliojeruhiwa katika vita. Nazungumzia kiungo kinachowekwa ndani ya mwili, chini ya ngozi, mahali pa gegedu iliyolika, yaani lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa.

Jambo hili lilinifikia kupitia dada yangu mkubwa. Aliuza unga sokoni kwa miaka mingi akiketi juu ya kibao kifupi, na magoti yakamwisha, hasa la kulia, ambalo lilipinda kwa nje hata tukawa tunamtambua kwa mbali kwa mwendo wake. Ukoo mzima ulichanga, akavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, akafanyiwa upasuaji katika hospitali ambayo kuitaja hakuna faida. Alirudi na mguu ulionyooka. Lakini kila alipoukanyagia, goti liliingia kwa ndani, kama mlango uliong’oka msumari mmoja. Daktari, na hapa namheshimu, hakutuficha: wakati wa kukata mfupa wa muundi, msumeno uliigusa kano ya pembeni ya upande wa ndani, wakaishona hapo hapo, wakamvisha kifaa chenye bawaba kwa wiki 6, na wakatuomba tuwe na subira. Chuma chenyewe hakikuwa na kasoro. Kwenye picha ya eksirei kiling’aa kama kijiko kipya, na kila mgeni aliyekuja kumpa pole alikisifu. Hakuna aliyeuliza habari za kano, kwa sababu kano haionekani kwenye eksirei.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata, na kuwauliza madaktari wanaonivumilia. Nilichokielewa ni kwamba kano hazidhuriwi kwa sababu daktari hajali. Hudhuriwa kwa sababu ya jiometri. Msumeno wa kazi ile ni bapa jembamba la chuma linalotetema kushoto na kulia kwa kasi kubwa, likipitishwa katika ufa wa kigezo, yaani kipande cha chuma cha kuongozea mkato, kilichopigiliwa pini kwenye mfupa. Kila aliyewahi kukata chuma kwa bapa jembamba anajua tabia yake: mwanzoni linatii kigezo, lakini likiisha kuzama ndani na kukutana na mahali pagumu linapinda kidogo, na likitokeza upande wa pili linaruka kwa ghafla. Upande wa pili wa mfupa ule daktari hauoni. Nyuma yake umepita mshipa mkubwa wa damu wa mguu, na kwa ndani kano ya pembeni imelala karibu kabisa na mfupa, haina hata upana wa kidole wa kujisogeza. Kinachosimama kati ya bapa na kano ni kulabu pana zinazoshikwa na msaidizi, na msaidizi ni binadamu, naye huchoka.

Kwa hiyo usanifu wa goti bandia hauanzii kwenye kile kipande kinachong’aa. Unaanzia kwenye vigezo vya kukatia vinavyokuja nacho katika sanduku moja, na hapo ndipo ningependa waandishi wetu wa habari waelekeze macho. Kigezo ambacho ufa wake umefungwa kwa kingo kushoto na kulia hulizuia bapa lisipepee hadi kwenye kano; kigezo ambacho ufa wake uko wazi hukuachia mwenyewe. Kuna misumeno iliyosanifiwa hivi kwamba shina la bapa linatulia na ni ncha peke yake inayotetema, ili kisichokatwa kisiguswe. Kuna vigezo vinavyochongwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu, kutokana na picha za skana za goti lake, vikalala juu ya mfupa wake kama kofia juu ya kichwa cha mwenyewe. Na kuna mikono ya roboti ambayo huchorewa mpaka kabla ya upasuaji, na msumeno ukiufikia mpaka huo mkono unakataa kwenda mbele, hata daktari akisukuma. Hii ya mwisho ni kazi nzuri sana, naikubali kwa moyo wote, ila bei yake na umeme wetu mnavijua. Ule ufa wenye kingo, kwa upande mwingine, ni suala la kipande cha chuma cha pua na fundi aliyetulia.

Baada ya kigezo huja umbo la kiungo chenyewe. Kanuni ambayo kila mkereza vyuma angeitambua ni kwamba unachokiondoa ndicho unachopaswa kukirudisha: ukikata mfupa wa unene wa milimita 9, chuma na plastiki unavyoviweka viwe vya unene huo huo, la sivyo kano zitalegea au zitakazwa kupita kiasi, na goti litacheza au litagoma kukunja. Sasa itazame kano ya msalaba ya nyuma. Shina lake limejikita nyuma ya muundi, chini kidogo ya uso wa kiungo. Ukipitisha mkato mmoja bapa kutoka mbele hadi nyuma, sehemu ya shina hilo inaondoka pamoja na mfupa, hata kama nia yako ilikuwa kuisaza. Ndiyo sababu viungo vilivyosanifiwa kuisaza kano hiyo vina sinia la chuma, lile linalolazwa juu ya muundi uliokatwa, lenye pengo kwa nyuma, na madaktari makini huacha kisiwa kidogo cha mfupa mahali hapo na kukata kukizunguka. Halafu kuna suala la saizi. Sinia hilo, au kofia ya chuma inayovishwa ncha ya mfupa wa paja, likichomoza nje ya ukingo wa mfupa husugua kano na nyama kila hatua, na mchomozo wa milimita 3 tu kwenye mfupa wa paja umeonekana kuhusiana na maumivu yanayobaki baada ya upasuaji. Milimita 3, Ndugu Mhariri! Katika karakana yetu, kazi yenye kosa la milimita 3 isingevuka mlango, na msimamizi angeirusha kwenye pipa la vyuma chakavu mbele ya macho ya kila mtu ili mwenye kuifanya ajifunze.

Mwandishi wenu anaweza kuuliza: kwa nini basi zisiondolewe kano hizo zote, chuma kikafanya kazi yake? Hilo lilijaribiwa, na historia yake inafundisha kuliko maelezo yangu. Mwaka 1890 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck aliweka goti la pembe za ndovu lenye bawaba. Magonjwa ya kuambukiza yakaishinda kazi yake. Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden alikuja na bawaba ya akriliki, ambayo baadaye ilitengenezwa kwa chuma. Bawaba haihitaji kano, kwa kuwa inajishika yenyewe, na hapo ndipo penye mtego wake. Goti la binadamu halikunji tu kama mlango. Likikunja, linazunguka kidogo pia na kuteleza. Ukilifunga kwa bawaba, nguvu zote za kuzunguka ambazo kano zingezimeza kwa ulaini wao zinahamia kwenye pini, na kutoka kwenye pini zinashuka hadi mahali chuma kinaposhikana na mfupa, na mahali hapo hulegea. Mzigo ambao kano imekatazwa kuubeba haupotei; unamtafuta mbebaji mwingine. Hilo sikulisoma katika kitabu cha udaktari, nililijifunza kwenye mitambo ya kusaga mawe.

Ndipo watu wakarudi kwenye kano. Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Wrightington, Uingereza, karibu na John Charnley, daktari aliyeanzisha nyonga bandia za kisasa, alichapisha mwaka 1971 goti lake la vipande vidogo vya chuma juu ya njia za plastiki, lililoziacha kano zishike zenyewe. Mwaka 1974 John Insall na wenzake huko New York walianza kutumia goti lililofunika ncha yote ya chini ya mfupa wa paja na kuondoa kano zote mbili za msalaba. Lilidumu vizuri, na magoti mengi ya leo ni wajukuu zake. Mwaka 1978 likaongezewa kigingi cha plastiki katikati, kinachofanya kazi ya kano ya nyuma iliyoondolewa. Oxford nako, John Goodfellow na John O’Connor walitoa mwaka 1976 goti lenye kibao cha plastiki kinachotembea katikati ya vyuma viwili, mahali pa vile vibao vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, na baadaye wakaona kwamba linawafaa zaidi wale ambao upande mmoja tu wa goti umelika na kano zao zote bado nzima. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, hakuna sababu ya kugusa kano hata moja.

Sehemu inayonivuta zaidi ni ile kano ya mbele. Katika magoti mengi kamili yanayowekwa leo duniani hukatwa bila kuulizwa, kwa sababu imejishika katikati ya uso wa muundi, mahali ambapo sinia linataka kukaa. Ukitaka kuisaza, sinia lazima liwe na umbo la herufi U: mabawa mawili yaliyounganishwa kwa daraja jembamba upande wa mbele tu, na katikati kisiwa cha mfupa kilichobeba kano zote mbili za msalaba. Jean-Marie Cloutier wa Montréal alichapisha mwaka 1983 matokeo ya goti la namna hiyo, na wagonjwa wake waliendelea vizuri. Lakini fundi akilitazama umbo lile anaona matatizo papo hapo. Daraja jembamba ndipo nguvu zote hukusanyika, na chuma huanza kupasuka hapo. Ukilinenepesha, linagonga kano au linadai ukate mfupa zaidi. Kisiwa nacho, kikiwa chembamba au mgonjwa akiwa na mifupa dhaifu, kinaweza kuvunjika daktari anapogonga sinia mahali pake, na ndipo kano mbili ulizotaka kuziokoa zinang’oka pamoja. Pembe za ndani za mkato zinapokutana kwa ncha kali, ufa huanzia hapo. Zikizungushwa kwa tundu dogo la keekee kabla ya kukata, nguvu zinatawanyika. Sisi tulitoboa matundu ya namna hiyo kwenye vibati vya mashine kila wiki bila kujua kwamba yangeweza kumfaa mtu gotini.

Sitaki kumuuzia msomaji miujiza. Wapo wagonjwa ambao kano zao zimekwisha kuharibika pamoja na gegedu, na kuisaza kano iliyooza ni sawa na kufunga mzigo kwa kamba iliyoliwa na panya. Huku kwetu ndiko wagonjwa hawa waliko wengi, kwa maana watu huenda hospitalini baada ya kumaliza mitishamba, kuchuliwa na sindano, mguu ukiwa umepinda kiasi kwamba kano za upande mmoja zimefupika na za upande wa pili zimelegea kama mpira wa zamani. Mgonjwa wa hivyo anahitaji kiungo chenye kigingi, na pengine hata kile chenye bawaba. Dada yangu mwenyewe, kama ningeulizwa leo, sijui kama angefaa kwa kusazwa kano zote za msalaba. Ninachojua ni kwamba kano ya pembeni hakuna goti la kawaida linaloweza kuishi bila hiyo, na ndiyo iliyoguswa.

Najua msomaji wa Lubumbashi anasubiri niimbe wimbo wa kobalti. Nitaimba ubeti mmoja tu. Aloi inayotumika zaidi kuchonga kofia ya goti bandia ina kromi kati ya asilimia 27 na 30, molibdeni kati ya asilimia 5 na 7, na sehemu kubwa iliyobaki ni kobalti, madini ambayo zaidi ya nusu ya yanayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na hasa katika ardhi hii ya Katanga. Lakini kiasi kinachoingia kwenye goti moja ni kidogo, na thamani ya goti haiko katika uzito wa chuma chake. Iko katika mikunjo yake, vigezo vyake na milimita zake, na hivyo havichimbwi kwa sururu.

Ukiyarudia majina niliyoyataja, utaona kwamba mengi yalikwenda mawili mawili: Goodfellow alikuwa daktari wa upasuaji, O’Connor alikuwa mhandisi, Insall alikuwa daktari, na Albert Burstein, ambaye jina lake limeunganishwa na lake katika goti la 1978, alikuwa mhandisi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba na kina kitivo cha uhandisi, na kati ya vyote viwili kuna wazee wa karakana wa umri wangu ambao mikono yao bado inajua milimita. Sisemi tutengeneze magoti bandia hapa. Usafi wa tanuru, upimaji wa aloi na usalama wa mgonjwa vinadai viwanda ambavyo hatuna. Vikinga vya kano vya wakati wa kukata, vifaa vya kupimia mkazo wa kano kabla ya kuchagua unene wa plastiki, na mifano ya goti ya kufundishia madaktari vijana, hivyo viko ndani ya uwezo wetu. Na hospitali zinaponunua au kupokea viungo vya msaada, nashauri atakayetia sahihi aulize kwanza mambo haya: kiungo hiki kinaondoa kano zipi, vigezo vyake vimekuja vyote, na saizi ni ngapi. Chuma kizuri kisicho na vigezo vyake kinamrudisha daktari kwenye kukata kwa kukisia.

Kwa upande wangu nimeanza kwa kadiri ya uwezo. Nimekunja kikinga kimoja kwa bati la chuma cha pua lenye unene wa milimita 2, chenye mdomo uliopinda ili kikae kati ya mfupa na kano ya ndani bila kushikwa na mtu, kisha nikaenda machinjioni kununua magoti ya ng’ombe, mwanangu akishika taa nami nikishika msumeno wa umeme wa mbao. Goti la ng’ombe si goti la mtu, naelewa, na daktari mmoja kijana aliyekuja kutazama alicheka kwanza, kisha akavua koti, akaniomba msumeno. Goti la kwanza na la pili tulizikata kano za ndani. La tatu lilitoka na kano zake zote nne, na bapa limeacha mkwaruzo juu ya bati mahali ambapo kano ingekuwa. Yale mawili ya kwanza tuliyapikia supu. Dada alikunywa bakuli mbili, kisha akaomba aletewe lile bati alitazame.

Wako,
Fundi mstaafu wa kukereza vyuma,
Katuba, Lubumbashi